Ramani za Kwenye Intaneti: Tunaona Nini, na Tunabaki na Nini?



Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 18, tunasoma kwamba makabila saba yalikuwa bado hayajapata urithi wao. Yoshua aliagiza kila kabila litoe watu watatu, akawatuma wakaikague nchi. Waliporudi kwake huko Shilo walileta kumbukumbu ya maandishi, miji ikiwa imeorodheshwa na nchi ikiwa imegawanywa sehemu saba. Kura zilipigwa kwa kutegemea kumbukumbu hiyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: kumbukumbu ililetwa kambini, ikabaki mikononi mwa watu waliokuwa wanaihitaji.

Kazi ya namna hiyo inaendelea katika idara zetu za maji, afya, elimu na diakonia. Wafanyakazi wanazunguka vijijini na simu au kifaa cha GPS, wanaandika mahali kilipo kisima, zahanati, shule ya chekechea au shamba darasa. Wakirudi ofisini, mara nyingi hatua inayofuata ni kuziweka nukta hizo kwenye ramani ya intaneti, kisha kumtumia mfadhili na wadau kiungo cha kubofya. Kila mtu anafurahi, kwa kuwa ramani inapendeza macho. Baada ya hapo mara nyingi hakuna anayeuliza data zenyewe ziko wapi.

Katika toleo hili tunapenda kueleza ramani hizo zinavyofanya kazi, zinasaidia wapi, na zinaishia wapi pale tunapotaka kushirikishana habari za mahali. Hatuna nia ya kumkatisha tamaa mtu yeyote anayezitumia. Sisi wenyewe tunazitumia karibu kila wiki.

ZILIKOTOKA

Google Maps ilianza Februari 2005, na Google Earth ikafuata Juni mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka ramani yenye nukta zake mwenyewe alihitaji programu ya bei kubwa na mtaalamu aliyesomea. Mwaka 2007 Google iliongeza huduma ya My Maps, ambayo inamwezesha mtu yeyote mwenye akaunti kuchora nukta, mistari na maeneo yake juu ya ramani iliyopo, kisha kuwapa wengine kiungo. OpenStreetMap ilikuwa imeanzishwa Uingereza mwaka 2004 kwa mtazamo tofauti, nasi tutaieleza mbele kidogo.

Faida ya huduma hizi haina ubishi. Mchungaji anaweza kumwonyesha mgeni njia ya kwenda usharikani. Mratibu wa mradi anaweza kuona kwamba visima sita vimechimbwa upande mmoja wa mto wakati vijiji vya ng'ambo havina hata kimoja. Jambo kama hilo halionekani upesi katika orodha ya majina, lakini kwenye ramani linaonekana mara moja.

PICHA SI DATA

Kivinjari, yaani programu tunayotumia kufungulia tovuti, hakina ramani ndani yake. Unapofungua ukurasa wa ramani, kivinjari kinaiomba seva iliyo mbali vipande vidogo vya mraba, kwa kawaida vya pikseli 256 kwa 256, kisha kinavipanga kama vigae vya sakafu. Ukisogeza ramani kinaomba vipande vingine, na ukivuta karibu kinaomba vingine tena. Nukta zako nazo zinaletwa kutoka seva hiyohiyo na kuchorwa juu ya vigae hivyo.

Kwa hiyo unapomtumia mtu kiungo umempa ruhusa ya kutazama dirishani. Hujamkabidhi kitu cha kwenda nacho nyumbani. Anaweza kubofya nukta moja baada ya nyingine na kusoma maelezo yake, lakini hawezi kwa urahisi kuhesabu, kuchuja, kusahihisha, wala kulinganisha na orodha yake mwenyewe.

Tuchukue mfano halisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ya Tanzania iliorodhesha vituo vya kuchotea maji nchi nzima. Orodha hiyo ilizidi vituo 70,000. Sehemu yake yenye mistari 59,400, kila mstari ukiwa kituo kimoja, ilitolewa hadharani kwa ajili ya mashindano ya wataalamu wa takwimu, na hadi leo inatumika kufundishia vyuoni sehemu nyingi duniani. Kila mstari una safu zipatazo 40: mkoa, wilaya, kata, aina ya pampu, chanzo cha maji, mfadhili, mwaka wa ujenzi, jinsi watu wanavyolipia, na hali ya kituo.

Kwa kuwa ni orodha na si picha, mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiuliza maswali. Vituo vingapi havitoi maji? Jibu ni 22,824, yaani asilimia 38 ya vyote vilivyomo. Vingapi vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo? 4,317. Unaweza kuendelea kuuliza: je, pampu za mkono zinaharibika zaidi kuliko mabomba ya mserereko? Je, vituo ambavyo watu wanalipia kila ndoo vinadumu kuliko vile vya bure? Haya ni maswali ambayo kamati ya maji, halmashauri na sisi wa makanisa tunapaswa kuyajibu kabla ya kuchimba kisima kingine. Ungeweka nukta hizo 59,400 kwenye ramani ya kivinjari, ungeona nchi imejaa madoa, basi.

Tena orodha ndiyo inayofichua makosa. Mistari zaidi ya 1,800 ina longitudo sifuri, mingi yake ikiwa ya Mwanza na Shinyanga. Kwenye ramani vituo hivyo vinarundikana baharini, upande wa Ghuba ya Guinea, mbali kabisa na Ziwa Viktoria. Mtazamaji wa ramani aliyevuta karibu ili aone Tanzania tu hataviona kamwe, wala hatajua kwamba havipo. Mistari zaidi ya 20,000 ina mwaka wa ujenzi ulioandikwa sifuri. Na katika safu ya wafadhili, msomaji wa kanisa atakutana na ndugu zake: KKKT wamo, TCRS wamo, na Wakatoliki wamo kwa majina tofauti tofauti, mara "Rc Church", mara "Rc", mara "Roman". Anayetaka kujua hali ya vituo vilivyojengwa na kanisa lake hana budi kwanza kuyaunganisha majina hayo. Kazi hiyo inafanyika kwenye jedwali kwa nusu saa. Kwa kubofya nukta haiwezekani.

Orodha hiyo ina safu moja ambayo maana yake haikuelezwa popote katika maelezo yaliyoambatana nayo. Wataalamu wengi wameitazama, na kwa kawaida wanaishia kuiacha. Tunaitaja ili ndugu msomaji aone kwamba hata data zilizotolewa vizuri hupungukiwa kama aliyeziandika hakuacha maelezo.

VIKOMO VYENYEWE

Huduma za bure zina vikomo, na ni vema kuvijua kabla ya kuanza kazi. Kwa mujibu wa maelezo ya Google, ramani moja ya My Maps inapokea matabaka yasiyozidi 10. Jedwali linaloingizwa haliruhusiwi kuzidi mistari 2,000, na ramani nzima haiwezi kubeba zaidi ya nukta, mistari na maeneo 10,000 kwa jumla. Kwa usharika mmoja hayo ni mengi kupita kiasi. Kwa dayosisi yenye miradi ya maji, shule, vituo vya afya na vikundi vya kuweka na kukopa katika wilaya tano au sita, vikomo hivyo vinafikiwa mapema. Watu hukwepa kwa kugawa ramani mbili au tatu, na hapo ndipo orodha zinapoanza kupishana: kisima kilekile kinaonekana kizima kwenye ramani moja na kibovu kwenye nyingine.

Kupakua data kutoka kwenye ramani hizo kunawezekana. Faili linalotoka huwa la aina ya KML, au KMZ, ambalo ni KML iliyobanwa. KML ilikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2008, kwa hiyo programu nyingi zinaisoma. Hata hivyo kuna mtego hapa. Wakati wa kupakua, My Maps inatoa chaguo la faili linalojisasisha lenyewe kupitia mtandao. Faili hilo ni dogo sana, kwa sababu ndani yake mna anwani tu na si data. Ukiliweka kwenye flashi na kulipeleka kijijini ambako hakuna mtandao, halitafungua kitu. Chagua daima faili lenye data kamili, kisha lifungue kwenye kompyuta nyingine ukiwa umezima intaneti. Likionyesha nukta zako, umefanikiwa.

HUDUMA HUFUNGWA

Kuna jambo jingine ambalo taasisi zetu hazilifikirii sana, pengine kwa sababu tumezoea majengo na si tovuti. Huduma ya bure ni mali ya mtu mwingine, naye anaweza kuifunga siku apendayo. Google Map Maker ilianza mwaka 2008 na wananchi wengi wa Afrika walijitolea kuchora barabara na vijiji vyao humo. Ilifungwa Machi 2017. Google Fusion Tables, iliyopendwa na mashirika mengi kwa kuwa iliunganisha jedwali na ramani, ilianza mwaka 2009 na kufungwa Desemba 2019. Programu ya My Maps ya simu za Android iliondolewa mwaka 2021, ingawa huduma yenyewe iliendelea kwenye kivinjari.

Mwaka 2018 kulikuwa na badiliko la namna nyingine. Tovuti zilizokuwa zimebandika ramani ya Google ndani ya kurasa zake zilitakiwa kuwa na ufunguo maalumu na akaunti ya malipo yenye kadi ya benki, hata kama matumizi yao hayakufikia kiwango cha kulipia. Kwa shirika dogo ambalo tovuti yake ilitengenezwa na mtu wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao, hilo si jambo dogo. Ramani nyingi ziligeuka kijivu, zikiwa na maandishi juu yake kwamba ukurasa hauwezi kuonyesha ramani ipasavyo.

Katika kila moja ya matukio hayo watumiaji walitangaziwa mapema. Waliopoteza kazi yao ni wale ambao nakala ya pekee ilikuwa kwenye huduma yenyewe, hasa pale barua pepe ya taarifa ilipokwenda kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha kuhama. Hivyo tunashauri akaunti ya ramani iwe ya ofisi, na neno la siri litunzwe kama ufunguo wa kabati la fedha, na watu wawili.

NANI ANABAKI NJE?

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Mradi wa maji ukikamilika, wanaohitaji zaidi kujua kila kituo kilipo na hali yake ni watu wa kijijini: viongozi wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, fundi wa pampu, mtendaji wa kijiji, na ofisi ya RUWASA ya wilaya, ambayo tangu mwaka 2019 inasimamia maji vijijini Tanzania Bara. Wanaoweza kufungua ramani ya kivinjari bila shida ni watu wa makao makuu na wafadhili walioko Ulaya au Marekani. Tunaweza basi kufika mahali ambapo mfadhili aliye Helsinki au Minneapolis anaona kisima cha kijiji fulani kwa kubofya mara moja, na mwenyekiti wa kamati ya kisima hichohicho hajawahi kukiona kwenye ramani.

Sababu ni za kawaida. Ramani ya vigae hutumia data za simu nyingi kuliko ujumbe wa maandishi, kwa kuwa kila unaposogeza kidole vipande vipya vinashuka. Kifurushi cha siku kinakwisha. Mahali pengine mtandao unashika juu ya kilima tu. Wazee wa kamati wengi wana simu ndogo za vitufe. Hata mwenye simu kubwa akikuta ukurasa unazunguka dakika mbili bila kufunguka ataiweka mfukoni, na hatutamlaumu.

Njia za kuwafikia zipo, na hazihitaji mambo makubwa. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinahifadhi ramani ya nchi ndani ya simu, na zinapokea faili la nukta ulilolitengeneza wewe. Ukishalituma mara moja kwa Bluetooth au WhatsApp pale penye mtandao, fundi anaweza kuongozwa hadi kwenye pampu bila senti ya kifurushi. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya QGIS inafungua orodha yako, inachora ramani, na inaichapa katika karatasi ya ukubwa wowote bila intaneti. Inahitaji kujifunza, siku tatu au nne za mafunzo kwa anayeanza, lakini aliyeijua haombi ruhusa kwa mtu.

Kisha kuna ramani ya karatasi. Kuna watu wanaoiona imepitwa na wakati. Sisi hatuoni hivyo. Karatasi ya A2 iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji inasomwa na watu kumi kwa wakati mmoja, inaandikwa kwa kalamu pale kituo kinapoharibika, na haiishiwi chaji.

MAJI YA DODOMA YALIYOKO ETHIOPIA

Baadhi ya matatizo hayatokani na huduma ya ramani bali na namba tunazoipa. Ramani haina uwezo wa kukuuliza kama una hakika. Inachora tu.

Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo zetu zote zina alama ya kutoa. Dodoma iko takriban -6.17, 35.74. Ukisahau alama hiyo, kisima chako kitahamia kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba za Dar es Salaam, longitudo ikasomwa kama latitudo, nukta itaangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kosa hili ni jepesi kutokea, kwa sababu kisanduku cha kutafutia cha Google Maps kinataka latitudo itangulie, huku ndani ya faili la KML longitudo ikitangulia. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda wana kazi zaidi, kwani Ikweta inapita katikati ya nchi zao na alama ya kutoa inahitajika upande mmoja tu.

Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo ina maana. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Ukiandika tarakimu tatu baada ya nukta, unasema mahali kwa ukaribu wa mita 110 hivi. Ukiandika tano, kwa mita moja hivi. Kwa kisima, tano zinatosha. Kinyume chake, tarakimu kumi na mbili ambazo kompyuta inazitoa hazifanyi kipimo kiwe sahihi zaidi, maana simu ya kawaida yenyewe inakosea kwa mita kadhaa.

La tatu ni gumu kidogo, ila ofisi zenye michoro ya zamani zinapaswa kulijua. Ramani za karatasi za serikali za skeli ya 1:50,000, ambazo bado ziko kwenye makabati ya idara nyingi, zilipimwa kwa kutumia msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. GPS na ramani zote za intaneti zinatumia msingi mwingine, WGS84. Namba zilezile zikisomwa kwa msingi usio wake, mahali panahama kwa karibu mita 300. Ramani ya kivinjari haina mahali pa kuieleza kwamba namba hizi ni za Arc 1960. Inadhani kila namba ni ya WGS84. Mita 300 zinatosha kukihamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na penye mgogoro wa mpaka hilo ni jambo la kufikishana barazani. Namba zilizosomwa kwenye karatasi za zamani zigeuzwe kwanza kwa QGIS ndipo zipelekwe mtandaoni.

YASIYOPASWA KUONEKANA

Tumezungumza kana kwamba data zote zinapaswa kuwafikia watu wengi. Si hivyo.

Idara za diakonia na afya zina orodha za kaya: watu wanaoishi na VVU wanaohudumiwa nyumbani, yatima, wajane, watu wenye ualbino, wasichana waliokimbilia nyumba salama kukwepa ukeketaji. Kuziweka orodha hizi kwenye ramani kunasaidia kupanga safari za wahudumu, na kishawishi ni kikubwa, hasa pale mfadhili anapoomba kuona walengwa wako wapi. Lakini ramani yenye kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliyenacho haina siri. Kiungo kinatumwa kwa barua pepe, kinapelekwa kwenye kundi la WhatsApp, na baada ya wiki hakuna anayejua kimefika wapi.

Tena kufuta majina hakutoshi. Nukta iliyo juu ya paa la nyumba moja katika picha ya satelaiti ndiyo jina lenyewe kwa mtu wa kijiji hicho. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya kampuni ya Strava, iliyojumlisha njia za wakimbiaji bila kutaja jina la mtu, ilikuwa imeonyesha kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa kuwa askari walikuwa wakifanya mazoezi wakiwa na vifaa hivyo. Kama majeshi yalifichuliwa kwa njia hiyo, nyumba salama yenye wasichana ishirini haina kinga yoyote. Kwa watu wenye ualbino, ambao wamewindwa na kuuawa katika baadhi ya mikoa yetu, ramani ya namna hiyo ni hatari ya maisha.

Sheria nayo imeingia. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo kati ya zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Taasisi za dini hazikusamehewa.

Kwa mfadhili inatosha kumpa idadi kwa kata au kwa wilaya. Mahali ambapo nukta ni lazima, punguza tarakimu hadi mbili baada ya nukta, ili iashirie eneo la kilomita moja hivi na si nyumba. Penye nyumba chache, hata hilo ni jingi mno. Na nyumba salama isiwekwe kwenye ramani yoyote, hata ile ya ndani ya ofisi.

OPENSTREETMAP

Tuliahidi kuieleza. OpenStreetMap nayo inatazamwa kwenye kivinjari, lakini tofauti yake ni kwamba data zilizo nyuma ya picha zinaweza kupakuliwa na mtu yeyote, zote, na kutumiwa bure kwa sharti la kutaja zilikotoka na kuziacha wazi vilevile. Vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao humo mwaka 2009. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishiriki na wakazi kuchora Tandale, Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulichora kata nyingi za jiji hilo, hasa kwa ajili ya mafuriko: mitaro, njia za maji, nyumba za bondeni. Ramani hizo ndizo zinazofunguka ndani ya OsmAnd na Organic Maps tulizozitaja.

Tunaipendekeza kwa vitu vya kudumu vilivyo mali ya umma: barabara, shule, zahanati, makanisa na misikiti, visima. Ina mipaka yake pia. Mtu yeyote anaweza kubadilisha alichokiandika mwingine. Si mahali pa kumbukumbu za mradi, kama vile nani alilipia au pampu iliharibika lini, na kamwe si mahali pa habari za watu. Na hairuhusiwi kuchora humo kwa kunakili kutoka Google Maps au picha zake za satelaiti, kwa kuwa leseni hazikubaliani. Zipo picha nyingine, kama za Bing, zilizoruhusiwa kwa kazi hiyo.

TUNACHOSHAURI OFISI ZA MIRADI

Jedwali litangulie, ramani ifuate. Orodha kuu iwe faili la kawaida la CSV au Excel, kila kituo kikiwa na namba yake isiyobadilika. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa majina hubadilika, na hata mikoa hubadilika: vituo vya Mbozi vilivyoandikwa Mkoa wa Mbeya mwaka 2010 viko Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016. Mbele ya faili iwekwe karatasi moja ya maelezo: kila safu ina maana gani, nani alipima, kwa kifaa gani, tarehe gani, na nani anaruhusiwa kuitumia. Ramani ya kivinjari itengenezwe kutoka kwenye jedwali hilo, na marekebisho yafanywe kwenye jedwali kwanza.

Mnapotuma kiungo kwa wadau, ambatisheni na faili. Mkikabidhi mradi kwa kijiji, kabidhini vitu vitatu: faili kwenye flashi, orodha iliyochapwa, na ramani ya karatasi. Nakala moja iende RUWASA au halmashauri, isainiwe kama kitu kingine chochote kinachokabidhiwa. Pembeni mwa ramani iandikwe tarehe ya vipimo, kwa tarakimu kubwa ambazo mzee asiye na miwani anaweza kuzisoma, ili atakayeitazama miaka mitano baadaye ajue ni ya lini.